Atakayemwosha Uweso

Nilipokubali kuolewa na Uweso, mtaa wetu wa Ngamiani, hapa Tanga, mzima ulinicheka. Mwanamke gani mwenye akili zake anaolewa na towashi? Nikasema waache wacheke. Nilikwisha kuzika waume wawili wazima, na hakuna katika hao wachekaji aliyewahi kuniuliza nimekula nini.

Uweso alihasiwa angali mtoto, akauzwa Unguja kwenye jumba la kifalme. Huko alipita kwa wanawake na kwa wanaume, akipeleka maneno ya bwana wake bila kutia chumvi. Uzeeni akaja Tanga, akawa anashona kofia barazani, mlango wa pili na wangu. Shikamoo za watu aliziitikia kwa upole, lakini bafuni hakuingia mpaka ahakikishe uani hamna mtu.

Siku moja Mchina aliyekuwa akinunua majongoo ya pwani alikuja kutaka kofia. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akamweleza kuwa kwao, enzi za wafalme, matowashi kama Uweso walikuwa na sauti serikalini. Barua za mawaziri zilipita mikononi mwao, na wengine waliogopwa kuliko mawaziri wenyewe. Kile walichokatwa walikihifadhi chunguni ili wazikwe nacho, wafike kwa wazee wao wakiwa kamili.

Uweso aliacha kushona. Jioni akaniita.

"Bi Semeni, changu sijui kilitupwa wapi, na sina la kufanya. Ila naogopa waoshaji. Nikifa watanifunua, kisha nitakuwa soga la vibarazani." Akasogea karibu ili majirani wasisikie. "Mke anaruhusiwa kumwosha mumewe."

Nilimhurumia. Nikamwambia alete posa.

Tuliishi vizuri. Nikiugua alinipikia uji, jioni tulikaa tukiwasengenya majirani. Nilimpenda, sioni haya kusema.

Alikufa alfajiri, mwaka wa hamsini na saba. Mwinyijuma, mwosha maiti wa mtaa wetu, alikuja na wenzake. Nikawazibia mlango.

"Mwanamume huoshwa na wanaume," akasema.

"Huyu ana mke. Niletee maji, kisha kaa huko nje."

Akamtazama shehe aliyekuja nao. Shehe akasema ni haki yangu, basi Mwinyijuma akaenda kuteka maji.

Nilimwosha taratibu, peke yangu, huku nikimsemesha.

Mpaka leo kwenye shughuli wanawake huninong'oneza wakitaka kujua niliona nini. Nawaambia nilimwona mume wangu.