Pasaka Iliyosogea Wiki Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa kiwanda cha kupiga chapa pale Msimbazi alinionyesha mashine ya hesabu yenye mkono wa kuzungusha. "Hii haina akili, kijana," akasema. "Akili yake ni karatasi utakayoiandika." Nilikuwa na darasa la sita na ndoto tele. Nikaipenda papo hapo.

Tulichapa kalenda za wenye maduka wa Kariakoo. Idd tuliiachia macho ya watu, mpaka mwezi uandame. Pasaka nayo huhama, lakini ina kanuni, nami niliiandika kuwa amri za hatua kwa hatua: gawa mwaka kwa kumi na tisa, shika baki, endelea. Wajukuu wangu wanaita programu. Sisi tuliita karatasi ya amri.

Mzungushaji alikuwa Ludoviki, Mchaga mpole, mchumba wa Anjela, fundi cherehani wa Mchikichini. Kwaresima hakuna kufunga ndoa, kwa hiyo akapanga arusi Jumamosi baada ya Pasaka tuliyoipata. Ilikwisha kuahirishwa mara mbili kwa misiba, na kaka yake Anjela alishaapa kwamba ya tatu hakuna.

Desturi yetu, kabla ya kuchapa, ilikuwa kuijaribu karatasi kwa miaka iliyopita. Mwaka mmoja ukakataa. Mwezi mpevu ulikuwa umeangukia Jumapili, na hapo Kanisa huisogeza Pasaka hadi Jumapili inayofuata. Kanuni tuliyopewa haikuwa na hatua hiyo. Msimamizi akaona mwaka mmoja si neno. Nikaujaribu mwaka ujao: nao mwezi mpevu uliangukia Jumapili. Jumamosi ya Ludoviki ilikuwa Jumamosi Kuu, mkesha wa Pasaka yenyewe, na padri asingewafungisha.

Nilipomweleza aliushika mkono wa mashine, asiuzungushe. "Twende wote kwa akina Anjela," akasema. "Peke yangu sitaweza."

Kaka mtu alitusikiliza kwa uso uliokunjwa. Anjela akakata uzi kwa meno.

"Kaka, safari hii hajaahirisha yeye, ni mwezi. Tena mwezi huo umenihurumia. Nashonea watu tu, gauni langu hata kitambaa sijakata."

Kaka akanigeukia. "Na wewe, hiyo mashine yako ina hakika sasa?"

"Nimeizungusha mwenyewe, kaka. Mara tatu."

Akacheka, akatusogezea mkeka.

Baadaye nilihamia mashine kubwa za umeme, nikawa na wakubwa wengi, mpaka nikastaafu. Lakini kila nilipomaliza karatasi ya amri, nilikaa kidogo nikijiuliza: nani anaingojea tarehe hii, na gauni lake limefika wapi?