Nailoni ya Godoro la Mama Aloo

Dorca ameuza matandiko Otonglo, kando ya barabara ya Busia, kwa miaka kumi na moja, na hajawahi kumuuzia mtu kitu kabla ya kumhoji. Sisi majirani zake wa Nyalenda tulizoea kumcheka. Mtu anauliza bei ya blanketi, naye anaulizwa analala wapi.

"Sasa hiyo inakuhusu nini, mama?" mwanamke mmoja alimjibu siku niliyokwenda kumsaidia kubeba mzigo.

"Inanihusu sana. Kama unalala Kericho nitakupa hili zito. Kama ni hapa chini karibu na ziwa, utalitupa usiku kwa joto, halafu baridi ya alfajiri ikukute wazi."

"Nalala Kondele."

"Basi chukua shuka mbili za pamba na hili jepesi. Kitanda ni futi ngapi?"

"Nne kwa sita."

"Mnalala wangapi?"

"Wewe unauza blanketi ama unaihesabia serikali watu?"

Watu walicheka, Dorca naye akacheka, lakini hakumwachilia mpaka akajua kwamba mtoto wa mwisho hulala katikati na hupiga mateke. Akamtolea neti pana kuliko ile aliyoishika, maana mguu ukigusa neti, mbu huuma akiwa nje. Na kwa kila aliyenunua godoro alikuwa na neno la mwisho: "Ukifika nyumbani toa hii nailoni. Usiniambie unalitunza. Nailoni haipitishi hewa, utaamka umelowa kama umetoka ziwani."

Nayaandika haya ili ijulikane kwamba alijua.

Ukuta kati ya chumba changu na chake ni bati moja. Kikombe kikianguka kwake, watoto wangu wanageuka. Mimi hulala usingizi mwepesi tangu nilipoanza kuzaa, kwa hiyo mengi ya nyumba ile niliyasikia bila kutaka.

Mwaka jana mwezi wa nne, mvua ilipoanza, mama yake alikuja kutoka Awasi. Aliitwa Aloo. Miguu ilikuwa imevimba, na alihema kama mtu aliyepanda mlima hata akiwa ameketi. Kliniki walisema ni moyo, na kwamba maji yalikuwa yakipanda kifuani. Alipaswa kurudi kila Jumatatu kwa mwezi mzima, alale kichwa na kifua vikiwa juu, na asipigwe na baridi.

"Nikimlaza vizuri huu mwezi mmoja atarudi kwake akitembea," Dorca alituambia pale mferejini, ndoo ikiwa kichwani. Alisema hivyo kwa watu wote, hata kwa wasiomuuliza.

Walikuwa na kitanda kimoja, tano kwa sita, cha mbao nzuri. Mumewe Oyugi, fundi wa pikipiki, alikunja nguo zake bila kuambiwa akaenda kulala kwa rafiki yake Obiero, kwa sababu mkwe hawezi kulala chini ya paa moja na mama mkwe. Dorca akatandika shuka mpya. Mimi nilikuwa mlangoni na uji. Mama Aloo alisimama katikati ya chumba akiwa ameshika fimbo yake.

"Hiki si kitanda cha mume wako?"

"Ameenda, Mama. Nimebadilisha shuka zote."

"Shuka umebadilisha. Na kitanda?"

"Daktari amesema ulale juu."

"Huyo daktari ana mkwe? Nyathina, mtoto wangu, nikilala hapo nawaletea chira. Watakaokonda ni wajukuu wangu. Mimi nimeshakonda."

Mimi ni Mbukusu, lakini chira naijua, ile laana ya mwiko inayokondesha watu. Kwetu pia mama hapandi kitanda cha binti yake na mkwe, na aliyevunja mwiko huogopwa kama aliyebeba ugonjwa. Sikumlaumu. Dorca alibembeleza mpaka uji ukapoa, kisha akakubali.

Kitanda cha pili kisingeingia chumbani mle. Kwangu tulikuwa sita. Siku hiyo hiyo Dorca alileta godoro jipya kutoka kibandani kwake, tatu kwa sita, inchi nane, akalilaza sakafuni, akapanga mito mitatu upande wa ukuta. Juu akaweka shuka na blanketi zito, lile la watu wa Kericho.

"Hutoi nailoni?" nilimuuliza.

"Sakafu inatoa unyevu, Nasipwondi. Huoni mvua hii?"

Ilikuwa kweli. Saruji ya Nyalenda hutoka jasho wakati wa mvua. Lakini nailoni ingeweza kutandazwa chini na godoro likawa juu yake. Na niliona alivyoligeuza ili ile karatasi ya kiwandani iangalie ukutani, isisuguliwe na mtu. Godoro lisilokatwa nailoni hurudi sokoni likiwa jipya. Yeye hakusema hivyo, nami sikusema. Watoto wake wawili walikuwa shule za bweni na shule zilikuwa zimetuma barua za kudai karo. Sikumwona mbaya.

Asubuhi ya kwanza Mama Aloo aliketi mlangoni akitafuta jua.

"Godoro la binti yangu lina mdomo," aliniambia. "Nikigeuka, linaniuliza naenda wapi. Nikikohoa, linajibu."

"Ni upya tu, Mama," Dorca alisema, akicheka.

"Upya gani? Nimelala ndani ya mfuko wa sukari."

Nami nililisikia. Kwacha, kwacha, upande wa pili wa bati. Shuka iliteleza, mito iliteleza, na yule mzee aliteleza pamoja nayo, halafu nikasikia akijivuta kurudi juu, akihema. Kila asubuhi shuka ilikuwa kwenye kamba. Nilifikiri ni mkojo wa uzee, nikaona aibu kwa ajili yake. Siku ya nne Dorca alipokwenda Otonglo niliishika ile shuka kabla haijakauka, nikainusa. Haikuwa mkojo. Lilikuwa jasho, na lilikuwa baridi.

Nilikusudia kumwambia Dorca jioni ile. Aliporudi alikuwa amelowa na amenuna, nikajiambia nitasema kesho. Tuna mfereji mmoja, choo kimoja na kamba moja ya nguo, na mtu huchagua maneno yake. Kesho nayo ilipita hivyo. Nilikuwa nimewafunika wanangu vizuri, nikalala nikisikiliza.

Siku ya tisa, wakati wa kuwaamsha watoto kwa shule, sikusikia nailoni. Nilisikia Dorca akiita. Mama Aloo alikuwa amelala chali, gorofa kabisa, mito yote mitatu ikiwa kando ya ukuta. Blanketi lilikuwa miguuni. Nguo ilimganda mgongoni na midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Tulimbeba mimi na Oyugi, aliyekuja mbio kutoka kwa Obiero, akamshika mama mkwe wake kwa mara ya kwanza maishani, akiangalia pembeni.

Alifariki Jumatano hospitalini. Walisema kifua kilijaa maji na baridi ikaingia juu yake, na kwamba moyo ulikuwa umechoka siku nyingi. Godoro halikutajwa na mtu yeyote.

Walipotoka mazishini Awasi, nilikwenda kumpa Dorca pole. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani. Oyugi alikuwa amelipangusa, akidhani anamsaidia mkewe.

"Halina hata doa," alisema polepole. "Unaweza kulirudisha kibandani."

Dorca alichukua wembe, akakata nailoni kutoka juu mpaka chini. Akaingiza mkono wote ndani, akapapasa pale palipokuwa mgongo wa mama yake.

"Njoo ushike, Nasipwondi."

Nilishika. Lilikuwa kavu, likinuka kiwanda.

"Nimelitunza," alisema.

Sikumwambia juu ya shuka niliyoinusa. Mpaka leo sijamwambia.

Bado anauza Otonglo. Siku hizi magodoro yake yote yamesimama wazi, bila nailoni, yakishika vumbi la barabara. Wateja wanayabonyeza na kuuliza kama ni ya mtumba, halafu wanavuka kwenda kwa jirani yake. Dorca hawaulizi tena wanalala wapi. Anawatazama tu wakienda.