Njia Ambayo Bibi Tuppen Hakuiomba

Adabu ni kitu kizuri, nani asiyejua? Lakini ni kama chumvi, ukiizidisha chungu chote unamwaga. Na watu wa kijiji cha Ambledean walikuwa wametia konzi nzima. Mtu wa pale ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Husemwa kuna mmoja nyumba yake ilishika moto, akaenda kwa jirani kuomba ndoo, akamkuta jirani anakunywa chai, akangoja mlangoni mpaka kikombe kikaisha.

Hesta Tuppen alizaliwa humo, chini ya kilima, na humo alipikia watoto wa shule miaka ishirini na minane, mpaka mikono yake ikawa inamenya viazi hata akiwa usingizini. Kila Jumapili, akishaingiza nyama kwenye oveni, alivaa mabuti akakizunguka kilima. Haikuwa safari ya kumtoa mtu roho. Unatokea nyuma ya kanisa, unapanda kipande kifupi kwenye majani ambayo kondoo wameyaguguna yakawa zulia, na chini yake chaki tupu, nyeupe hata fuko akitoka shimoni utadhani ni mwoka mikate. Juu kuna upepo. Siku moja ulimvua padri meno ya bandia katikati ya zaburi, yakaokotwa kijiji cha pili yakiwa bado yanaimba. Ukishapita huko unaingia msituni, na msitu unakushusha taratibu, kona kwa kona, hadi uani kwako. Saa moja na nusu, na nyama imeiva.

Alipofika miaka sabini na sita, nyonga ya kushoto ilianza kumgomea. Daktari akamwambia, "Tembea, Bibi. Siku ukiacha, mguu huo utaganda kama mchuzi wa jana." Kupanda aliweza. Kushuka kwa njia ile ya mbele, ile ya kupandia, juu ya chaki iliyolowa mvua, hapo ndipo nyonga ilisema hapana. Bila msitu, basi na kilima hakuna.

Na mwaka huohuo Kanali Thrale, mwenye msitu, akafariki. Msitu ukanunuliwa, pamoja na nyumba yake, na Bwana Lorimer, mtu wa mjini, viatu vyake visafi mpaka kwenye nyayo. Wiki ya pili akaweka lango la chuma, na kufuli, na kibao: HAKUNA NJIA.

Hesta alisimama mbele ya kibao hicho na fimbo yake. Akageuka. Alishuka kwa njia ya mbele akiwa amekaa chini, akijisukuma kwa makalio kama mtoto, na alipofika nyumbani nyama ilikuwa mkaa. Hakulia. Alibadilisha sketi, na Jumatatu asubuhi akaenda halmashauri.

"Njia hiyo haimo kwenye ramani yetu, Mama," karani akasema.

"Imo kwenye miguu yangu."

"Sheria ni hivi. Watu wakipita mahali miaka ishirini, mchana kweupe, bila kuvunja kitu na bila kuomba ruhusa, njia inakuwa ya watu wote."

"Ishirini? Mwanangu, mimi nimepita sabini!"

"Safi kabisa. Na hukuwahi kuomba ruhusa?"

"Kuomba, sikuomba. Ila kila Krismasi nilimpelekea Kanali chupa ya jamu ya machungwa, na kadi."

"Kadi iliandikwa nini?"

"'Asante kwa kuturuhusu kupita.'"

Karani aliweka kalamu chini polepole. "Mama Tuppen, hiyo ni ruhusa."

"Hiyo ni adabu!"

"Mbele ya sheria, ukishukuru kwa kuruhusiwa, umeruhusiwa. Niletee watu sita ambao hawakuomba wala kushukuru. Mkaguzi wa serikali atawasikiliza."

Hesta akaona si kitu. Watu sita tu? Alipita nyumba arobaini na moja kwa siku tisa, fimbo mkononi. Loo! Kila nyumba ilikuwa imepeleka kadi. Mmoja alipeleka bata. Mwingine hakuwahi kuonana na Kanali, akawa anamshukuru farasi wake. Na ubaya zaidi, Kanali alikuwa mtu wa kuhifadhi: kadi zote alizitia kwenye sanduku, na sanduku lilikwenda na nyumba, kwa Bwana Lorimer.

Usiku ule Hesta alikaa akapekua kichwa chake chote akitafuta mtu asiye na adabu. Akampata mmoja, na moyo ukamshuka.

Jabez Pelling, ambaye nyumba yake Hesta aliiruka, alikuwa mnyoa kondoo mstaafu, mwenye uso kama mlango uliofungwa. Yeye na Hesta walikuwa hawajasemezana miaka kumi na miwili, tangu karamu ya mavuno, Hesta alipompakulia pai mara ya pili naye akaipokea bila neno. Hesta alisema mbele ya kijiji kizima, "Hata nguruwe hukoroma akilishwa!"

Sasa akaoka keki, akaenda.

"Bwana Pelling, samahani sana kukusumbua, kama una nafasi kidogo..."

"Sina." Mlango, paa!

Kesho yake akaenda na keki kubwa zaidi.

"Bwana Pelling, nakuja kwako kwa unyenyekevu..."

"Keki weka hapo chini." Paa!

Siku ya tatu mvua ilinyesha na nyonga ilikuwa inawaka. Hesta hakuoka kitu. Hakubisha hodi. Aliusukuma mlango kwa fimbo, akamkuta Jabez ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Jabez! Jumatano, saa nne, ukumbini. Wewe na wale wanyoaji wenzako watano wa kijiji cha pili, wasio na adabu kama wewe. Mtamwambia mkaguzi mlivyopita msitu wa Kanali."

"Na nisipokuja?"

"Nitarudi kesho. Na keshokutwa. Nitakaa kwenye kiti hiki mpaka mmoja wetu azikwe, na mimi sina haraka."

"Hukubisha hodi."

"Sikubisha."

"Wala hujasema samahani."

"Sina ya kukupa."

Jabez akacheka, sauti kama gurudumu lisilotiwa mafuta tangu vita. "Ala! Sasa umesema neno la kusikika. Siku zile mbili nilidhani unauza bima."

Jumatano ukumbi ulijaa. Wakili wa Bwana Lorimer alizisoma kadi, moja baada ya nyingine, tangu saa nne mpaka saa sita. Asante Kanali, hisani yako Kanali, ruhusa yako Kanali. Alipofika kwenye zile za Hesta, thelathini na moja, watu walitazama sakafu. Hesta hakutazama sakafu. Alikaa wima, fimbo kati ya magoti.

Kisha mkaguzi, mwanamke mwembamba mwenye mafua, akamwita Jabez Pelling.

"Umepita msituni muda gani?"

"Miaka thelathini na minne. Kila siku. Mimi na mbwa."

"Kanali alikuwa anakuona?"

"Alikuwa akinisalimu."

"Ukimjibu nini?"

"Kumjibu? Ya nini?"

Ukumbi ukaguna. Wakili akasimama. "Bwana Pelling, unataka kutuambia hukumwomba ruhusa hata mara moja?"

"Kumwomba nani? Nilipita kwa miguu yake au yangu?"

"Wala kumshukuru?"

"Kijana, sijawahi kumshukuru mama yangu mzazi."

Wakafuata wanyoaji watano, kila mmoja mbaya kuliko aliyemtangulia. Wa mwisho hakuvua kofia, akamuuliza mkaguzi atamaliza lini, maana baa imeshafunguliwa. Hesta alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni, na furaha nayo ikimpanda, zikasukumana kama watu mlangoni.

Barua ya mkaguzi ilikuja Aprili. Alisoma hadi mstari wa tatu, uliosema njia ni ya watu wote, akaacha chai nusu, akavaa mabuti. Haikuwa hata Jumapili. Alipanda, akisimama mara nne. Maua madogo ya manjano yalikuwa yametoka kwenye chaki. Upepo wa juu ulijaribu kumchukua, ukamkuta mzito kuliko ulivyodhani.

Kwenye mdomo wa msitu lango lilikuwa limelala kwenye nyasi, mafundi wawili wanaling'oa nguzo. Bwana Lorimer amesimama kando. Alipomwona akavua kofia, akainama kidogo, tabasamu tele.

"Ah, Bibi Tuppen! Pita, pita tu, hakuna neno. Jisikie uko huru kupita wakati wowote upendao."

Asante ilimpanda Hesta kooni. Miaka sabini ya mazoea, ilikuja yenyewe, ikafika mpaka kwenye meno. Akayabana meno. Mafundi waliacha kazi wakamtazama.

"Sikukuomba," akasema, akapita.

Aliteremka msitu mzima kona kwa kona, majani mapya yakimdondoshea maji shingoni, na ile asante bado inamkaba kama mwiba wa samaki. Hakuitema.