Tanuri Nyuma ya Jikoni

Kama unataka kunicheka, nicheke sasa hivi tumalizane, kwa sababu nikianza sitaki kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, macho wazi, mke wangu akiwa ng'ambo ya ukuta. Sikuhadithiwa na jirani wa binamu ya mtu. Wala siyasimulii ili uogope. Nayasimulia kwa sababu nina hasira, na hasira hii imekataa kuisha.

Mimi ni fundi wa mabomba ya mvuke huko Olkaria, kwenye mitambo ya umeme. Kazi yangu ni joto. Najua bomba likiwa na moto wa kuchubua ngozi hata kabla sijaligusa. Kwa hivyo nikikwambia habari ya moto, niamini.

Mke wangu Nyambura hufungasha maua ya waridi katika shamba moja hapa Naivasha. Nyambura alikuwa na ndoto moja tu maishani, kwenda Italia. Usiniulize ilitoka wapi. Alikuwa akitazama video za akina mama wa huko wakikanda unga kwenye meza za mbao, na akawa anawaamkia kuku wetu kwa Kiitaliano. Aliomba viza mara mbili, akanyimwa mara mbili. Mara ya pili alikunja ile barua, akaiweka chini ya godoro, na hakuitaja tena.

Ndipo akaona tangazo kwenye simu. Shamba la zamani la mzungu, juu kule upande wa Keringet, limegeuzwa kuwa mahali pa wageni. Onja Italia bila pasipoti, ndivyo lilivyosema. Utafinyanga tambi kwa mkono wako, utakamua jibini, utaoka mkate wa kijijini kwenye tanuri la mawe. Ningemkatalia vipi? Jumamosi moja tukapanda huko.

Mwenye mahali hapo aliitwa Dairekta na kila mtu, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina lake silitaji, kwa sababu kesi bado iko kortini. Ni mtu wetu tu, si mzungu. Alikuwa amejifunga skafu nyekundu shingoni. Alitupitisha ukumbini akituonyesha picha ukutani. Huyu ndiye Mwitaliano aliyeanzisha shamba. Aliletwa Kenya kama mfungwa wa vita, alikuwa fundi wa kuchonga mawe, akapapenda. Huyu mkewe. Huyu mbwa wao, na mbwa akatajwa jina. Pembeni ya picha moja alisimama mwanamume mwembamba mwenye kanzu nyeupe, ameshika sinia.

"Na huyu?" nikauliza.

"Ah, huyo ni boi wa jikoni," akasema, tukapita.

Mbwa ana jina. Shika hilo tu.

Mwalimu wetu wa mapishi aliitwa Sheila, msichana wa Nakuru aliyesomea upishi, na alijua kazi yake. Nitakuwa mwongo nikisema siku ilianza vibaya. Alitufundisha kukata unga vipande vidogo na kuvivuta kwa kidole gumba mpaka vikunjike kama masikio. Nyambura alishika haraka kuliko wote. Mchana tukamiminiwa uji mzito wa mahindi juu ya ubao mrefu, nyama katikati, kila mtu anakula kutoka upande wake akielekea kwenye nyama.

"Si hii ni ugali!" Nyambura akasema, na meza nzima ikacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu ile barua.

Baada ya chakula ikaja zamu ya mkate. Sheila akatueleza kwamba vijiji vingine vya huko zamani vilikuwa na tanuri moja la watu wote, na kila nyumba ilipiga unga wake mhuri ili mkate usipotelee kwa jirani. Nyambura akachora herufi yake kwa ncha ya kisu, polepole, ulimi ukiwa nje kama mtoto wa shule.

Mimi nikatoka nje kutafuta mtandao. Ilikuwa kama saa tisa. Mvua ilikuwa imekatika na ukungu umeshuka, ule ukungu wa huko juu unaofuta miti. Nikazunguka nyuma ya jikoni nilione hilo tanuri, si unajua mtu wa joto. Lilikuwa zuri, la mawe, limeumuka kama chungu kilichofunikwa. Na mbele yake kulikuwa na mzee aliyevaa kanzu nyeupe, anavuta makaa nje kwa reki.

Nikadhani ni mfanyakazi aliyevalishwa mavazi ya kizamani kwa ajili yetu wageni.

"Habari ya kazi, mzee?"

"Kazi gani?" akasema bila kugeuka. "Kazi niliacha."

"Mkate uko karibu kuingia?"

"Kijana, una mke huko ndani?"

"Niko naye."

"Mwambie asile."

Nikacheka kidogo, kicheko cha kutojua useme nini. "Kwa nini, mzee?"

Akageuka. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwenye ule mdomo wa tanuri na jasho lilikuwa linanitiririka. Uso wake ulikuwa mkavu kama plasta.

"Mnanichoma miguu," akasema.

Nikatazama chini. Alikuwa pekupeku, amesimama katikati ya makaa. Miguu yake ilikuwa myeusi kama kisiki kilichoungua, na kwenye nyufa za nyayo mlikuwa na wekundu, unawaka na kufifia, unawaka na kufifia. Pindo la kanzu liligusa makaa yale yale na halikushika moto. Mzee hakulia. Alizungumza kama mtu anayelalamika kwa jirani ambaye ng'ombe wake wameingia kwenye mahindi.

"Kila Jumamosi, kijana. Nimepikia nyumba hii tangu ndevu hazijaota. Sasa mnanipika mimi."

Ukungu ukapita kati yetu, mzito, na ulipotoka hakukuwa na mtu. Ile reki ilikuwa imelala ndani ya makaa, chuma chake chote kimezikwa motoni. Nikaishika. Kwa nini niliishika sijui. Ilikuwa baridi kama bomba la maji alfajiri. Wewe unielezee hilo, wewe uliyesoma.

Nikarudi ndani mbio. Mbele ya watu wote nikasema kuna mzee huko nje, anasema anachomwa, anasema tusile. Sheila akaacha kukanda.

"Amevaa kanzu?" akauliza kwa sauti ya chini.

Kabla sijajibu Dairekta akaingia, akasikiliza, akanipiga bega. "Boss, huko Olkaria mnavuta mvuke ama mnavuta kitu kingine?"

Wageni wakaangua kicheko. Nyambura alinishika mkono, vidole vimejaa unga. "Baba Tito, tafadhali," akaninong'oneza. "Hii siku moja tu. Usiniharibie."

Nikavuta kiti, nikaketi.

Mikate ilipotoka, nilisikia harufu ninayoijua na wewe unaijua, ile ya miguu ya mbuzi ikiunguzwa manyoya kabla ya kupikwa supu. Nilitazama wenzangu, hakuna aliyekunja pua. Walisema inanukia vizuri ajabu. Nyambura alikula vipande vitatu na mafuta ya zeituni na chumvi, macho amefumba. Sheila hakula. Nilimwona. Alifunga kipande chake kwa kitambaa akakitumbukiza kwenye ndoo ya takataka.

Tukiondoka nilisimama mbele ya ile picha ukumbini. Ni yeye. Nimeshasema mambo ya kutosha ya kunifanya niitwe mwendawazimu, sina haja ya kuongeza la uongo. Ni yeye.

Wiki ikapita kimya. Jumamosi iliyofuata, Nyambura alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo. Saa tisa. Nikasikia ukelele, nikatoka, nikamkuta ameketi kwenye matope amekumbatia nyayo zake. "Zinawaka! Baba Tito, zinawaka!" Nilizishika. Zilikuwa na moto kama bomba langu la kazini, na juu yake hakuna lengelenge hata moja. Jioni zikapoa zenyewe. Jumamosi nyingine, vivyo hivyo. Tulikwenda hospitali Naivasha, tukapelekwa Nakuru, wakapima sukari, wakapima mishipa, wakapima damu ya kila aina. Mzima. Daktari mmoja alinivuta kando akaniuliza kama mke wangu ana mawazo.

Nikampigia Sheila. Alikuwa ameshaacha kazi. "Nilikuwa nangoja mtu aniulize," akasema. "Nenda senta ya Keringet umtafute Mama Fanisi, anauza mitumba. Mwambie ni mimi nimekutuma. Na jiwe mnalokanyaga mkiingia jikoni, mwambie nimesema likaangaliwe upande wa chini."

Mama Fanisi ni mwanamke mkubwa, mtaratibu. Alinisikiliza akiendelea kukunja nguo. Nilipofika kwenye miguu, akaacha kukunja.

"Huyo ni babu yetu Zakayo," akasema. "Alitoka Maragoli akiwa kijana. Alipokufa, Mwitaliano mwenyewe alimzika nyuma ya jikoni, kwa sababu babu aliomba hivyo, na akamchongea jiwe kwa mkono wake. Huyu Dairekta wenu aliponunua shamba tulimwendea kabla hajajenga. Tulimwonyesha kaburi. Tulimwomba asogeze hilo tanuri hatua kumi. Hatua kumi tu! Akasema ataona. Tuliporudi, limeshasimama juu yake, na jiwe hatukuliona."

Hatua kumi. Shamba ambalo jicho halifiki mwisho wake, na mtu ananyimwa hatua kumi.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda, mimi na Mama Fanisi. Nilibeba mtaimbo. Tuliwakuta wageni wapya na aproni zao, Dairekta katikati na skafu yake. Sikusalimia. Nilichomeka mtaimbo chini ya lile jiwe la kukanyagia mlangoni pa jikoni, nikalalia kwa uzito wangu wote, jiwe likang'oka na kupinduka. Mama Fanisi akapiga magoti, akafuta udongo kwa kitenge chake. Zilikuwa herufi nzuri sana, zilizochongwa na mtu aliyejua kuchonga na asiyejua sana Kiswahili: ZAKAYO. MPISHI WETU. APUMUZIKE.

Nikamgeukia Dairekta. Nilitaka kitu kimoja tu, uso wake ubadilike.

"Ni jiwe la zamani," akasema. "Tunayo mengi."

"Ni babu yangu," Mama Fanisi akasema, bado yuko magotini.

"Mathe, kama una malalamiko, kuna ofisi."

Basi nikaenda nyuma na mtaimbo wangu. Nilipiga lile tanuri mara nne, mara tano, moto ukiwa ndani, mawe yakaanza kuporomoka, cheche zikaniunguza mikono. Walinzi wanne ndio walionitoa. Nililala seli siku mbili, nikashtakiwa kuharibu mali. Mali! Mama Fanisi naye alikwenda ofisi baada ya ofisi, na kila ofisi ilimtaka alete cheti cha mazishi.

Sasa nikwambie ni nini kinachonikosesha usingizi. Mmoja wa wale wageni alikuwa amenirekodi kwa simu, na video ikasambaa. Unadhani watu waliona aibu kwenda huko? Walimiminika. Dairekta alijenga tanuri upya, mahali pale pale, kubwa mara mbili. Lile jiwe akalisafisha, akalitundika ukumbini na kumulikia taa, na sasa huwahadithia wageni juu ya mzuka wa mpishi Zakayo huku wakingoja mkate. Wanapiga picha na hilo jiwe. Na kwa kuwa watu wamekuwa wengi, Jumamosi haitoshi. Siku hizi wanaoka na Jumatano.

Sikuambiwa na mtu kwamba wameongeza siku. Nyambura ndiye aliyejua kwanza. Ilikuwa Jumatano, saa tisa, yuko kazini katikati ya maua, akaanguka.

Hanilaumu. Afadhali angenilaumu. Hutumbukiza miguu kwenye beseni, anatazama saa ya ukutani, na Jumatano iliyopita aliniambia tu, kama mtu anayezungumzia mvua, "Leo wamechelewa kuwasha." Yeye na mzee Zakayo, wanawaka pamoja. Nami nimekaa mlangoni na mikono yangu ya fundi, isiyoweza kufunga valvu moja ya kukata joto hili.

Wewe unayenisikiliza, nenda utakako, kula vya watu, jifunze kazi za mikono za watu, ni jambo zuri na sitamkataza mtu. Lakini kabla hujaweka kitu mdomoni, uliza umesimama juu ya nani. Uliza kwa sauti, na wakikucheka uliza tena. Na kama kuna aliyekwambia usile, hata kama humjui, hata kama amesimama mahali ambapo mtu hawezi kusimama, mvute mke wako kwa nguvu, akukasirikie, alie, akununie mwaka mzima. Mimi niliogopa kuchekwa na watu kumi ambao hata majina yao siyajui.