Mtoe Dada Yangu Kwenye Hadithi

"Mtoe dada yangu humo! Hadithi yako, mamba wako, sina neno. Huyo msichana mkaidi mtafutie jina lingine. Mpe hata lako!"

Hivyo ndivyo Tulinagwe alivyomlipukia Mama Ipyana pale sokoni Lyulilo, watu wamejaa, mitumbwi bado inashusha vyungu. Mama Ipyana alikuwa amekaa nyuma ya mafungu yake ya dagaa, wasichana wamemzunguka, anawasimulia kama kila Jumamosi. Hakushtuka. Alifukuza nzi.

"Hadithi haina mwenyewe, mwanangu. Nami nimeikuta."

"Umeikuta na jina la Sekela?"

Hapo akaanza kupanga upya dagaa waliokwisha pangwa.

Hadithi yenyewe pande zetu nani asiyeijua? Msichana anakataa wachumba wote wa kijijini, huyu mfupi, yule ana chongo, halafu anamkubali mgeni mtanashati asiyejulikana kwao. Siku ya kupelekwa kwa mume, bwana harusi anashika njia ya ziwani, anaingia majini, ngozi inabadilika, kumbe mamba. Bibi zetu walitusimulia hivyo nasi tukaogopa kuchagua, maana ndiyo kazi ya hadithi ile. Lakini kwa bibi zetu yule msichana hakuwa na jina. Jina aliongezewa baada ya masika ya mwaka themanini na tatu, Sekela alipopotelea mahali mto Lufilyo unapoingia ziwani. Ilionekana kanga yake tu, imenasa kwenye matete.

Sekela ndiye aliyekuwa dada mkubwa wa Tulinagwe, na Mama Ipyana ndiye aliyekuwa mama mkwe wake. Ipyana, mume, alivukia Malawi kwenye biashara akaoa hukohuko. Alibaki mtoto mchanga wa kike, Anyisile. Tulinagwe akamchukua, akamlea kwa kufinyanga vyungu.

Na vyungu wakati huo havikuwa kazi ya kumnenepesha mtu. Ruksa ya bidhaa za nje ilikuwa imeingia, ndoo za plastiki zimepangwa mpaka Matema, nyekundu, bluu, kila rangi. Tulinagwe alikuwa akipiga chungu kwa ukucha kilie, anamwambia mteja, "Ndoo yako hiyo ibandike motoni tuone." Kubembeleza mwanamke yule hakujua. Mikono yake ilikuwa na udongo hata kanisani.

Kilichomharibia biashara zaidi ni upepo. Mwera ukivuma kutoka ziwani unapita juu ya midomo ya vyungu vilivyopangwa mchangani, navyo vinaguna. Vyungu vyote huguna, vya kila mfinyanzi. Lakini vikiguna vya Tulinagwe, wateja wanatazamana. "Sekela huyo." Wenzake waligeuza vyao kifudifudi. Yeye hakugeuza hata kimoja. Mimi nilikuwa nikitoka Mbugani kununua vyungu vya kuuza, na si mtu wa kutishwa na upepo. Ila kuna siku ziwa lilikuwa limetulia tuli, jani halitikisiki, na chungu chake kikubwa cha mwisho kwenye safu kikaguna. Sikununua siku hiyo. Nilikwenda zangu.

Anyisile alikuwa haogi ziwani. Mtoto wa Matema, ufukweni kabisa, hebu fikiria! Alichota maji kwa kopo lililofungwa kamba, amesimama mbali. Alipobanwa aseme kwa nini, akamwambia Tulinagwe, "Mama ananiita majini. Ananiambia njoo. Mimi sitaki kwenda kwa mtu mbaya."

Basi ugomvi ule wa sokoni ndiko ulikotoka. Kusemwa yeye, Tulinagwe angevumilia. Mtoto kumkimbia mama yake mzazi, hapana.

Jumamosi iliyofuata hakupanga chungu hata kimoja kabla ya kumshika Anyisile mkono na kwenda kukaa katikati ya wale wasichana, uso kwa uso na Mama Ipyana.

"Leo nasimulia mimi."

"Mfinyanzi naye ana hadithi?" muuza ndizi mmoja akarusha kijembe.

"Nina mdomo, mama. Wako umeuazima?"

Watu wakacheka, wakasogea. Akaanza.

"Msichana huyu hakukataa mtu. Baba yake alimtajia mchumba, akaitikia. Ng'ombe wa mahari walipofika aliwafungulia zizi mwenyewe. Kwa mume aliamka kabla ya jogoo. Akitumwa anakwenda, akikemewa anapiga magoti."

"Sasa hadithi gani hiyo?" msichana mmoja akadakia. "Mamba yuko wapi?"

"Subiri, bado hajatengenezewa njia." Hakutabasamu. "Jioni ya soko, mvua imenyesha juma zima, mto umefurika. Mtumbwi wa mwisho unaondoka kuelekea ng'ambo ya Lufilyo. Msichana anafika na mama mkwe wake, mtoto yuko mgongoni. Anachungulia mtumbwini. Amekaa nani?"

Akamgeukia muuza dagaa.

"Mama Ipyana, mimi sikuwepo. Ulikuwepo wewe. Malizia."

Nilidhani yule mama atainuka aondoke. Alibaki ameshika dagaa mmoja kwa vidole viwili.

"Alikuwa amekaa mume wangu," akasema.

Hapo tuliokuwa watu wazima tukaelewa. Kwetu mkwe wa kike hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani anaingia kichakani, jina lake halitaji mpaka kufa. Kupanda naye mtumbwi mmoja, magoti kwa magoti, ni aibu isiyosemeka.

"Akajifunika kanga usoni, akarudi nyuma. Mzee naye akageukia majini, heshima inavyotaka. Nikamwambia, nipe mtoto, wewe pita ufukweni, uvuke pale maji yanapopungua, tutakukuta ng'ambo. Akasema, 'Ee, mama.' Basi. Tukamngoja."

"Nafasi mtumbwini ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

Anyisile akauliza, "Na mimi?"

"Wewe ulikuwa mapajani mwangu. Umelala."

Mtoto akafikiri. "Kwa nini babu hakushuka?"

Jamani. Soko zima lile, wake kwa waume, na wachungaji wawili waliokuja kununua samaki, hakuna aliyewahi kujiuliza. Mzee alikuwa na miguu. Angeshuka yeye, asubiri mtumbwi wa kesho, mila ingekuwa imetimizwa vilevile.

"Sikuwaza," Mama Ipyana akasema. "Haki ya Mungu, mjukuu wangu, haikunijia kabisa. Watu walipoanza kuuliza nikasema nilimwambia apande, akakataa, alikuwa mkaidi. Halafu ile hadithi ikajileta."

"Haikujileta," Tulinagwe akasema.

"Niliileta mimi."

Upepo ukapanda. Vyungu vya watu, ambavyo siku hiyo hakuna aliyekumbuka kuvigeuza, vikaanza kuguna mchangani, na watu wote, nami nimo, tukakwepeshana macho. Anyisile akainuka, akaenda mpaka kwenye kimoja, akainama, akaweka sikio.

"Anasemaje?" Tulinagwe akauliza polepole.

"Hasemi njoo." Mtoto hakuondoa sikio. "Anasema, 'Ee, mama.' Anarudia hilo tu."

Mama Ipyana akajifunika kanga usoni.

Baadaye alikaa majuma bila kuonekana Lyulilo. Aliporudi alikuwa na kikapu cha mchele kichwani, akaenda moja kwa moja kwa Tulinagwe. Alisema kabla ya msiba alichukua kwa Sekela chungu alichokifinyanga mwenyewe, na kwetu bei ya chungu ni nafaka inayokijaza. Aliahidi kulipa wakivuna. Hakulipa. Chungu kilikwisha vunjika, lakini ukubwa wake anaukumbuka.

Akachagua kinacholingana nacho, akamimina mchele mpaka mdomoni. Tulinagwe hakumwambia yamekwisha, wala hakumkaribisha kukaa. Alipitisha kiganja juu kuusawazisha, uliozidi akaurudisha kikapuni.

"Ndaga," akashukuru. "Nitampikia Anyisile."