Meli ya Barua Haishikwi

Ipo siku moja ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa jikoni huwa naacha mwiko, mjukuu wangu Okoth, nakaa chini kwanza. Ni siku meli ya barua ilipovunja mashua ya baba yangu hapo Homa Bay. Nilikuwa msichana mkubwa, karibu kuolewa huku Ndhiwa. Nakusimulia kwa sababu jana ulinipigia simu kutoka Kendu Bay ukaniambia mimi nyanya yako, tena kwa sauti ya mtu aliyetulia, "Dani, boti yao ya vifurushi imevunja yangu, lakini wameweka bondi kortini. Tunawangojea tu." Ukadhani simu imekatika. Haikukatika, niliikata mimi kwa hasira.

Sisi watu wa ufuoni tulikuwa na desturi yetu. Ukivunja chombo cha mwenzako au ukikata nyavu zake, hukai kubishana. Unapeleka makasia yako kwa mzee wa ufuo, anayalaza uani kwake, na wewe huingii majini mpaka umekwenda kwa yule uliyemuumiza, mkaketi, mkazungumza. Aliyeumizwa hatoki kwake. Kumfuata mkosaji ilikuwa aibu, kama kuomba. Kazi yake ni kuweka viti nje na kungoja, na mkosaji hufika tu, maana bila makasia atakula nini?

Siku hiyo meli ilikuwa ikigeuka kuingia gatini, na mashua ya baba imetia nanga mahali pake pa siku zote, naye yumo ndani. Meli iliigonga ubavuni, mashua ikapasuka. Baba aliogelea akatoka salama, namshukuru Mungu, lakini mashua ile ndiyo iliyotulisha, na hatukuwa na ng'ombe wa kuuza tupate nyingine. Wavuvi walipandwa na hasira, wakapanga mashua zao mbele ya meli isitoke. Ndipo akaja afisa wa bandari, suruali imepigwa pasi ikanyooka, akatutangazia kwamba meli ya barua haishikwi. Wenyewe wameshaweka dhamana mahakamani, kwa hiyo hakuna wa kuizuia, awe nani.

Mzee Ogola, ndiye aliyekuwa mzee wa ufuo, akamuuliza swali moja tu. "Kwa hiyo wameacha makasia yao kwa jaji?"

Afisa akacheka. "Unaweza kusema hivyo, mzee."

Basi ikawa imekwisha. Wavuvi waliondoa mashua zao, meli ikaenda na barua zake. Baba alirudi nyumbani nguo zingali mbichi, akamwambia mama, "Makasia yao yameshikwa. Watakuja."

Hapo ndipo damu yangu huchemka. Ile sheria yenyewe haikuwa mbaya. Nimeulizia ukubwani mpaka nikaielewa: barua za watu zisicheleweshwe kwa ajili ya ugomvi wa wawili, kwa hiyo meli inaachwa iende, na badala yake kuna mali imewekwa mahakamani mapema ili aliyeumizwa aende akadai pale. Aende yeye mwenyewe, afungue kesi. Afisa yule alilijua hilo. Alitupa nusu ya maneno, ile ya kuifungulia meli njia, na nusu ya kumfungulia baba njia akaondoka nayo. Wala hakusema uongo. Afadhali angesema uongo, tungemjua.

Baba aliweka viti. Vilikuwa vitatu, nje ya nyumba, vya wageni wa meli, na mama alivifuta umande kila asubuhi. Majirani walipomshauri aende akaulizie, aliwaka: mimi ndiye niliyevunjiwa, niwafuate kama nani? Subira yavuta heri, alisema. Mimi nasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na yaliyoumia yalikuwa yetu, tunakula mboga tupu kando ya ziwa lenye samaki, na meli ileile tunaiona ikipita. Mvua zikaja, zikaisha, zikaja nyingine. Siku baba alipomeza aibu akapanda gari kwenda mahakamani, karani alimwambia kwa upole kwamba muda wa kudai umepita. Akarudi, akaviingiza viti ndani kimoja kimoja. Tangu hapo alivua katika mashua za watu mpaka uzee ukamtoa majini.

Sasa wewe unaniambia unangoja. Wewe uliyesoma chuo huko Rongo, mwenye simu inayojua njia zote za dunia, umekaa Kendu Bay umewatolea viti. Desturi yetu siitukani, ni nzuri kwa watu wanaoijua. Wenye boti hiyo hawaijui, na wakiijua watanyamaza. Makasia yakiwa kwa mzee wa ufuo, anayelala njaa ni mkosaji. Yakiwa mahakamani, boti yake inaendelea na kazi, na anayelala njaa ni wewe.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Usiwafungie njia wala usirushe jiwe. Boti iache iende, ina barua za watu na dawa za watu. Lakini mtu akikwambia kitu fulani hakishikwi, muulize ni nini kimeachwa badala yake, kiko wapi, na mwisho wa kukidai ni lini, na usimpishe mpaka ajibu yote. Kisha nenda. Asiyekuwepo na lake halipo. Kufuata haki yako si kuomba. Aliyeamini kwamba ni kuomba alikuwa baba yangu, nilimpenda sana, na alikosea.

Kesho nakuja Homa Bay, iliko mahakama yenye bondi yao, na gari la asubuhi. Nikute umesimama mlangoni pa mahakama, na usiniambie ulikuwa unaona haya, maana haya nimeziona zilivyomfanya baba. Mungu akupe mguu usiochoka, na ulimi usiotetemeka mbele ya watu wa suruali zilizonyooka. Mashua yako irudi majini ungali kijana. Na viti vyako, mwanangu, vikaliwe na wageni wanaokuja.