Mama Pindo, fundi anayefurahi nguo yake ikichanika

Saa tatu asubuhi ukumbi bado mtupu. Viti vimekunjwa na kuegemezwa ukutani, taa moja tu inawaka juu ya jukwaa, na chini ya taa hiyo Mama Pindo amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, pini tano zimebanwa mdomoni. Mapajani pake kuna nguo kubwa ya ajabu, yenye mikono minne na shingo mbili. Anashona mshono uleule alioushona jana asubuhi, na juzi, na kila asubuhi ya wiki hii.

Nguo hiyo ilichanika jana jioni mbele ya watu mia tatu, kutoka shingoni hadi chini kabisa. Leo jioni itachanika tena. Fundi wake haoni haya hata kidogo.

"Isipochanika ndiyo nitaona haya," anasema, baada ya kuzitema pini mkononi ili asikike vizuri.

Mama Pindo ana miaka arobaini na minane, na thelathini kati ya hiyo ameimaliza kwenye cherehani. Jina hilo alibandikwa na majirani, kwa kuwa hawezi kumwona mtu akipita na pindo lililofumuka akanyamaza. Humwita, humsimamisha mlangoni na kulishona hapohapo, mtu akiwa amevaa nguo yake. Karibu mtaa mzima umeshachomwa na sindano yake walau mara moja, na hakuna anayemwekea kinyongo.

Kazi anaifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake. Mna cherehani mbili, kioo kilichoingia ufa, na meza ya kukatia vitambaa ambayo zamani ilikuwa mlango. Shule zikikaribia kufunguliwa hushona sare mpaka vidole vinavimba. Miezi mingine ni zipu na viraka, na kuna wiki hupita bila mteja hata wa dawa.

Ufundi alifundishwa na mama yake huyo, ambaye sasa ana miaka sabini na sita. Mikono ya bibi huyu siku hizi inatetemeka, lakini ulimi wake haujambo. Darasa lake lilikuwa na sheria moja tu: mshono ushike. Kila nguo aliyoimaliza binti, mama aliivuta kwa mikono miwili, na ikiachia aliirusha sakafuni.

"Alikuwa ananiambia, 'Hujashona nguo wewe, umeshona gunia!'" Mama Pindo anakumbuka. "Hilo neno gunia lilikuwa linaniliza. Afadhali angenichapa."

Mwaka huu kikundi cha dansi ya kisasa kinachofanyia mazoezi katika ukumbi huu kilipata wageni. Walikuja wacheza dansi sita kutoka nchi ya mbali pamoja na mwalimu wao, mama wa makamo mwenye nywele fupi, ili watunge onyesho moja na wenyeji. Fundi alitafutwa na mcheza dansi mkongwe wa kikundi, baba wa watoto wawili ambaye kila mtu humwita Kijiti kwa wembamba wake. Yeye ndiye pia mkalimani wa wageni.

Siku ya kwanza Mama Pindo alikaa pembeni kutazama mazoezi.

"Dada mmoja wa kigeni akalala chini, akawa anajiviringisha tu, dakika tano nzima, hata muziki hakuna. Nikamwuliza Kijiti, 'Baba, huyu mwenzenu anaumwa tumbo, mbona mnamwangalia tu?' Akacheka mpaka akakaa. Akaniambia, 'Mama, hiyo ndiyo dansi yenyewe.'"

Kazi aliyopewa ilikuwa nguo moja ya watu wawili. Nusu ni kitambaa cheusi kinachovutika, walichokuja nacho wageni, na nusu ni pamba yetu nzito isiyovutika hata uifanyeje. Kijiti na yule dada wanacheza humo ndani kwa dakika arobaini, wakibebana, wakiangushana na kugombania mkono mmoja. Mwishoni Kijiti anavuta mara moja, nguo inaachana katikati, na kila mmoja anabaki na nusu yake.

Masikio ya Mama Pindo yalielewa. Mikono yake ndiyo iliyokataa.

"Niliona aibu kushona kitu kibovu," anasema. "Nikajiambia, ngoja niongeze mstari mmoja tu. Halafu nikaongeza na wa pili."

Walipoijaribu, nguo iligoma. Kijiti akavuta kushoto, mgeni akavuta kulia, nyayo zikateleza, mwenzao wa tatu akaja kusaidia, na wote watatu wakaishia chini kwa makalio. Ukumbi uliangua kicheko. Mwalimu peke yake hakucheka.

Mama Pindo akafumua, akapiga bandi nyepesi, mishono mirefu ya kushikizia tu. Safari hii nguo iliachia dakika ya nne tu, Kijiti akiwa amemnyanyua mwenzake begani, na kidogo amwangushe kichwa chini. Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya onyesho la kwanza.

Mwalimu akamshika fundi mkono na kumwambia, kupitia kwa Kijiti, kwamba ahsante sana, asijisumbue tena. Angepiga simu kwao ishonwe nyingine yenye vibanio, iletwe kwa ndege.

"Aliongea kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma," anasema Mama Pindo. "Angenigombeza ningejua bado nina kazi. Nikamwambia Kijiti, mwombe huyo mama anipe siku moja. Moja tu, nikishindwa naondoka mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata alikuwa jikoni, hajalala vizuri, wala hajui aanzie wapi. Mama yake akamwomba amfungulie gunia la unga, maana yeye vidole havimtii tena. Mama Pindo akatafuta ncha ya uzi, akavuta. Krrr! Mdomo wote wa gunia ukafunguka kwa mkupuo mmoja.

Alibaki amesimama, uzi unaning'inia mkononi.

"Mama akaniuliza, 'Vipi, umeona mdudu kwenye unga?' Nikamwambia hapana mama, nimeona mshono."

Anayeshangaa na afikirie gunia lenyewe. Linabebwa mgongoni, linarushwa kutoka kwenye lori, linakaliwa, na mshono wake unashika. Ni mshono wa mnyororo, kitanzi kimeshikwa na kitanzi. Ukivuta ncha isiyo yake utahangaika mpaka uite kisu, lakini ukiipata ncha yenyewe, vitanzi vyote vinafuatana kuachia.

Huo ndio anaoushona leo, kwa mkono, vitanzi mia mbili na kumi na viwili. Anavilegeza kidogo ili kitambaa cheusi kipate nafasi ya kuvutika bila kukata uzi. Ncha ya mwisho anaifunga kwenye kifungo kidogo kilichofichwa chini ya kola ya Kijiti, na Kijiti peke yake ndiye anayejua kukipapasa.

"Walipoijaribu siku hiyo, mwalimu akairudia mara tatu," anasimulia Kijiti, aliyeingia na kikombe cha chai cha fundi. "Mara ya tatu akamkumbatia mama huyu mpaka pini zikamchoma."

Mama Pindo mwenyewe hakuthubutu kumwambia mama yake ni mshono gani. Alimpeleka tu kwenye onyesho la kwanza na kumweka kiti cha mbele, kisha akaenda kujificha nyuma ya pazia. Dakika arobaini zikapita, nguo imeshika. Kijiti akapapasa kola, akavuta, na nguo ikafunguka.

Bibi akasimama wima. "Mshono! Jamani, mshono wa mwanangu umeachia!"

Nusu ya watazamaji walidhani naye ni mchezaji, wakampigia makofi.

"Nilitaka ardhi inimeze," anasema Mama Pindo.

Onyesho lilipokwisha, mama yake aliitaka hiyo nguo. Akavaa miwani yake, akapitisha vidole kwenye kingo zote mbili, polepole, akitafuta tundu au nyuzi zilizochomoka. Hakuona hata moja.

"Akasema, 'Hili ni gunia.' Nikasema, 'Ndiyo, mama.' Akaigeuza upande wa pili, halafu akasema, 'Gunia safi.' Nililia, sikufichi. Miaka thelathini nilikuwa naingoja hiyo safi."

Dansi yenyewe anakiri haielewi yote. Lakini kila jioni huchungulia pale mwisho, wawili hao wanaposimama kila mmoja na nusu yake, wakiwa kama wanaosikia baridi, na pale, anasema, hahitaji kuelezwa na mtu.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mama Pindo ameongeza la kwake: na usione vyachanika, navyo vimeshonwa.

Mwezi ujao onyesho linakwenda kwa wageni, jioni tisa mfululizo. Mwalimu aliomba ashonewe nguo tisa zifungwe kwenye begi. Bibi, aliyejialika mwenyewe kwenye kikao, alimjibu kabla ya binti yake.

"Mwambie huyo mwalimu, zikifumuka begini nani atazitengeneza? Kufungua wanajua wote. Kufunga je?"

Kijiti akatafsiri. Mwalimu akacheka, na kesho yake akamwandikia Mama Pindo barua ya mwaliko. Maombi ya pasi ya kusafiria yameshapelekwa, na majibu yanatarajiwa wiki ijayo. Mama Pindo hajawahi kupanda ndege. Akirudi, anasema, atalipaka rangi upya lile bango la mlangoni linalosema "Zipu na Viraka" na kuandika "Nguo za Jukwaani", herufi kubwa.

Kitu kimoja tu kinamtia wasiwasi.

"Nimesikia ndani ya ndege hawataki mkasi. Nikamwuliza mama, sasa nikiwa safarini uzi nitakata na nini? Akaniambia, 'Kwani meno yako ya nini?'"

Anacheka, anainama, anaung'ata uzi wa kitanzi cha mia mbili na kumi na viwili. Kisha anasimama, anaikung'uta nguo na kuivuta kwa mikono miwili, kwa nguvu zote, kama alivyokuwa akifanya mama yake. Imeshika. Anaitundika kwenye msumari wake, ingojee saa moja na nusu jioni.